Dodoki lipandwe na masika

Anayetaka dodoki la kuogea mwezi wa Septemba aanze na masika, mvua za kwanza zikishalowesha udongo barabara. Zao hili halina haraka. Tangu kuota hadi tunda kukaukia juu ya chanja hupita miezi mitano, pengine sita, na miezi ya mwisho inataka jua. Ndiyo maana sisi wa Tanga, Pwani, Morogoro na visiwani inatupasa kuhesabu kwa kurudi nyuma: tunda likauke Agosti na Septemba, basi mbegu iingie ardhini Machi, au mwanzoni mwa Aprili ukiwa umechelewa. Anayepanda na vuli ataotesha bila shida, ila matunda yake hukomaa masika yameshabisha hodi. Dodoki lililokomaa likinyeshewa siku baada ya siku huingia ukungu na nyuzi zake hugeuka nyeusi. Wengi wanaolalamika kwamba madodoki yao huozea juu hawana ugonjwa wowote shambani. Walipanda wakati usio wake.

Wenzetu wa Dodoma na Singida, ambako mvua ni za msimu mmoja, wapande Desemba. Kwenye baridi ya Njombe na Makete sishauri mtu ajisumbue.

Mbegu ya dodoki ni nyeusi, bapa, ngumu. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, kisha uizike kina cha sentimita mbili au tatu. Ukipenda kuanzia kitaluni tumia viriba, maana mche huu hauvumilii kung'olewa na kusumbuliwa mizizi. Mashimo yapishane mita moja hadi moja na nusu, kila shimo lipate nusu debe la samadi iliyooza vizuri. Mbolea ya urea iogopwe: ukizidisha, utapata msitu wa majani ya kupendeza na matunda ya kuhesabu kwa vidole.

Chanja ndiyo gharama kubwa, na hapo pasibanwe. Mmea mmoja huweza kutambaa mita tano, hata tisa, na matunda yaliyojaa maji yana uzito wa kung'oa miti dhaifu usiku wa upepo. Simika nguzo imara za mita mbili juu ya ardhi, pitisha waya au fito, mmea upande wenyewe. Uzio wa seng'enge na mwembe mzee nyuma ya nyumba hufaa pia, mradi uweze kuyafikia matunda. Jambo la msingi ni kwamba tunda lining'inie. Likining'inia hunyooka, na mnunuzi hupenda lililonyooka. Likilala chini hupinda, huliwa na mchwa, na ubavu unaogusa udongo huoza.

Maua huleta simu nyingi. Mkulima anaona maua ya njano yamejaa, yanadondoka, hakuna tunda. Hayo ya kwanza ni madume, yanayotoka kwa vishada. Jike hutoka peke yake, na utalitambua kwa kidodoki chembamba kilicho nyuma yake kabla hata halijachanua. Subiri wiki moja mbili, yatakuja. Majike yakiwapo na bado yanadondoka, basi nyuki ni haba. Asubuhi na mapema chuma ua dume lililochanua, ondoa petali zake, upake unga wake katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu.

Kuhusu sisimizi wanaojazana kwenye machipukizi: waacheni. Mmea wenyewe hutoa utomvu mtamu unaowavuta, na hawaharibu kitu. Kuwapulizia dawa ni kuua na nyuki kwa mkupuo huohuo.

Adui wa kweli ni inzi wa matunda. Jike lake hutoboa tunda changa na kutaga mayai, na hapo alipotoboa huonekana kitone kinachotoa utomvu. Baada ya siku chache tunda linajipinda na ndani mna funza. Tunda la namna hiyo lisiachwe chini ya mmea wala lisitupwe kwenye mboji. Lifukie nusu mita chini, au lifunge kwenye mfuko mweusi uuache juani mpaka funza wafe. Matunda machanga unayoyategemea yavike mifuko ya karatasi au gazeti mapema, yakiwa na urefu wa kidole. Ubwiri unga nao hujitokeza mvua zikipungua, majani yakiwa kama yamenyunyiziwa unga. Chuma majani ya chini yaliyoathirika ili hewa ipite.

Mvua zikikatika Juni usiutupe mkono mmea. Mwagilia hadi matunda yafikie ukubwa wake, kisha punguza, kisha acha kabisa. Na mche usibebeshwe kupita kiasi: mimi huona matunda kumi hivi ni mzigo wa haki. Yanayozidi yachumwe yangali mabichi yaingie jikoni. Likiwa halijazidi kiganja cha mkono na ukucha unazama bila kazi, dodoki ni mboga nzuri. Lipare ganda, likate vipande, ulipike kwa kitunguu, nyanya na tui zito. Lile la mistari iliyosimama ndilo bora zaidi kwa sufuria, na masoko ya mijini yenye wateja wa asili ya Kihindi hulitafuta. Ila onja kipande kibichi kwanza kwa ncha ya ulimi. Likiwa chungu, tupa lote, wala usichukue mbegu kwenye mmea huo, maana uchungu wa jamii hii ya maboga ni sumu ya tumbo.

La kusugulia huachwa hadi kijani kigeuke njano, kisha hudhurungi. Linyanyue: lilikuwa zito, sasa ni jepesi, na ukilitikisa mbegu zinagonga. Likate na kikonyo chake. Bonyeza ganda kwa dole gumba katikati, litapasuka kwa mlio mkavu. Ingiza kidole na ulibandue kwa mapande. Likigoma, liloweke kwenye ndoo usiku mmoja. Ng'oa kifuniko kidogo cha upande wa chini, tikisa mbegu zote zitoke, zihifadhi kavu kwa msimu ujao. Kisha lifinye na kulisuuza kwenye maji mengi hadi utelezi uishe. Utelezi ukibaki, dodoki hubadilika rangi na kunuka. Lianike juani, uligeuze, likauke hadi ndani. Wanaotaka weupe wa dukani huliloweka kidogo kwenye maji yenye dawa ya kung'arisha nguo. Kwa matumizi ya nyumbani siioni faida yake, maana dawa hiyo hudhoofisha nyuzi.

Mvua ikitishia kabla halijakauka, livune likiwa njano. Litamenyeka kwa taabu zaidi, lakini utalipata safi.

Kwa biashara, mnunuzi atafutwe kabla ya kupanda ekari: watengeneza sabuni wanaotumbukiza vipande ndani ya mche wa sabuni, maduka ya vipodozi, hoteli za pwani. Yapange kwa urefu na rangi, usichanganye, maana moja lenye doa jeusi hushusha bei ya fungu zima. Yasiyo na sura yakatwe vipande vya kuoshea vyombo.

Na la bafuni kila mtu awe na lake. Likishatumika likamuliwe na kutundikwa penye upepo, si kuachwa juu ya ndoo likiwa limelowa, na baada ya wiki tatu au nne lipelekwe shimo la mboji. Litaoza lote, jambo ambalo sponji ya plastiki haiwezi.