Jogoo wa Maonyesho: Mwamuzi Huangalia Nini?

Wafugaji wengi wanapochagua kuku wa kupeleka kwenye maonyesho ya kilimo, hukimbilia yule mkubwa mwenye wekundu unaong'aa. Mara nyingi kuku huyo hurudi nyumbani bila zawadi. Hasara kubwa zaidi humpata anayemnunua kwa bei ya juu awe jogoo wa mbegu, kwa kuwa kasoro iliyomnyima zawadi inaweza kujitokeza kwa vifaranga wake.

Rhode Island Red ni mfano mzuri wa kujifunzia. Jamii hii ilitokea Marekani, na aina yake ya upanga mmoja ikaingizwa katika viwango rasmi vya kuku vya nchi hiyo mwaka 1904. Mwamuzi humlinganisha kila kuku na kiwango cha jamii yake.

Kwanza husimama mbali kidogo na kizimba bila kumgusa kuku, akitazama umbo. Rhode Island Red akitazamwa kwa ubavuni hufanana na tofali refu lililolazwa: mgongo mrefu ulionyooka, kidari kipana kilichojaa, mkia usioinuka sana. Jogoo mwenye mgongo mfupi au mkia uliosimama wima amekwisha kupoteza alama nyingi, hata rangi yake iwe nzuri vipi.

Ndipo humtoa kizimbani, kichwa kikitangulia, kiganja kikiwa chini ya kidari na miguu katikati ya vidole. Upanga usimame wima ukiwa na meno matano. Kijino kilichochomoza ubavuni mwa upanga humwondoa kuku mashindanoni. Ndewe za masikio ziwe nyekundu, na miguu iwe ya manjano yenye wekundu kidogo, bila nyoya lolote. Wapo wanaong'oa kinyoya cha mguuni asubuhi ya maonyesho. Mwamuzi anaweza asikione, lakini vifaranga watazaliwa na vyao.

Kwenye rangi ndiko wengi hupotea. Wekundu unaotakiwa ni ule ulioiva, unaokaribia damu ya mzee, tena uliolingana mwili mzima. Mkia mweusi wenye mng'ao wa kijani ni sahihi, na weusi kiasi katika manyoya marefu ya bawa pia ni sahihi. Si dalili ya uchotara. Mwamuzi hupuliza manyoya ya mgongoni ili aone ya ndani. Wekundu unapaswa kufika hadi karibu na ngozi. Rangi ya kijivu humo ni kasoro, na haionekani kwa anayetazama kuku akitembea uani.

Kwa uzani, jogoo mzima ni takriban kilo 3.9 na mtetea kilo 2.9. Jogoo mchanga ni kilo 3.4, tembe kilo 2.5.

Kuku wekundu wa mayai wanaouzwa na kampuni za vifaranga huwa na damu ya Rhode Island Red, lakini ni machotara: hutaga vizuri, ila vifaranga wao hawatafanana nao. Kwa hiyo mnunuzi wa jogoo wa mbegu asitosheke na jogoo peke yake. Aombe kuonyeshwa baba, mama na ndugu zake, awapulize manyoya mmoja mmoja, kisha ndipo azungumzie bei. Asiye na uzoefu anaweza kumwomba afisa wa mifugo wa wadi yake aandamane naye.