SOMO: Kubadilisha mota ya pikapu ya koperative. Tupime mbele ya kulipa

Ndugu wanamemba, koperative nyingi za Butembo na Beni ziko na pikapu ya zamani, sana sana Toyota Hilux ya mazutu. Kwenye kilima inachoka, na wanamemba wanasema: «Tuweke mota kubwa». Neno hilo linatuhusu wakulima, sababu kahawa iliyochumwa asubuhi inapaswa kumenywa siku ileile. Gari ikilala njiani, kahawa inaharibika na bei inaanguka.

1. Kwanza tujue ugonjwa
Butembo iko karibu metri 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mota isiyo na turbo inapoteza karibu 10% ya nguvu kwa kila metri 1,000 za kupanda. Kwa hiyo hata mota nzima haina nguvu yake yote. Mwombe fundi aangalie filtre ya hewa, filtre ya mazutu, enjekteri, supapu na kompresyo. Mara nyingine filtre iliyojaa vumbi njo inakaba gari. Kuibadilisha ni bei ndogo sana kuliko mota.

2. Mota gani inaingia?
Hilux nyingi za zamani ziko na mota 2L, ya litri 2.4. Ndugu zake wakubwa ni 3L (litri 2.8) na 5L (litri 3.0). Ni jamaa moja, kwa hiyo mara nyingi zinakaa mahali palepale bila kukata chuma. Mota ya jamaa ingine inaomba kuunga na kukata, na kila kuunga ni pesa. Ukinunua mota ya okazyo:
– isikilize ikiwaka wakati iko baridi;
– tazama kama maji hayakuchanganyika na mafuta;
– badilisha mkanda wa ndani unaoendesha supapu. Ukikatika, supapu zinapinda;
– safisha radiateri. Mota ikipata moto kupita kiasi, kilase inapasuka;
– omba karatasi ya kuuza yenye namba ya mota, na uulize namna ya kuitengeneza kwenye karatasi za gari. Bila hiyo, kwenye barière utasumbuka.

3. Kisichobadilika
Hapa njo hatari iko. Mota kubwa inavuta zaidi, lakini freni, resori, shasi na matairi ni vya zamani. Kilo ambazo gari inaruhusiwa kubeba zinabaki zilezile. Kutoka Butembo kwenda Beni barabara inateremka, na tena mbio ikiwa mara mbili, freni inaomba karibu mara nne ya urefu wa kusimama. Kwa hiyo pesa ya freni itoke mbele ya pesa ya mota. Kwenye mteremko, shofere aweke vitesse ndogo, asitegemee freni peke yake. Na watu wasipande juu ya magunia.

4. Tufanye hesabu
Andikeni kwenye daftari: bei ya mota, kazi ya fundi, freni, radiateri, mafuta, karatasi. Ongezeni mazutu. Mfano: mota mpya ikikunywa litri 2 zaidi kwa safari, na gari inafanya safari 12 kwa mwezi, ni litri 24 kila mwezi. Halafu pimeni faida: ni magunia mangapi yatafika kwa wakati ambayo leo yanachelewa? Faida ikiwa ndogo, kukodi gari kubwa wakati wa mavuno tu kunaweza kuwa bora.

Maulizo ya kujadili kwenye mkutano
– Mwaka huu gari ilituangusha mara ngapi, na sababu ilikuwa nini?
– Nani anaandika kilo na mazutu ya kila safari?
– Kama freni ni mbovu leo, kwa nini tunazungumza juu ya mota?

Gari ni mali ya wanamemba wote. Uamuzi uchukuliwe na mkutano mzima, pamoja na hesabu mezani, hata kama shofere au prezida ana haraka.