Kadi ya Mpiga Kura Haikuandikishi Mtaani

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Chemba na Singida. Zilizouliza umri wa kupiga kura nimeziweka kando. Hilo mwulizeni mtoto wa shule.

*Tangu mabasi ya mikoani yahamie Nzuguni, biashara katikati ya mji zimelala. Wa CCM wanasema tunaleta upinzani, wapinzani wanasema tumevuna tulichokipigia kura. Nani mkweli? (Wafanyabiashara wa Majengo na jirani zao)*

Barua ni kadhaa, ugomvi ni mmoja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini; ya 2022 ikahesabu 765,179. Wizara zimekwenda Mtumba, mabasi Nzuguni, na wateja wamefuata huko. Mji unakua huku katikati yake panadorora. Yote mawili ni kweli, na makada wa pande zote hawataki kuyasikia kwa pamoja. Na kuhusu kuvuna mlichokipigia kura: anayewaambia jukwaani kwamba mtaa fulani utanyimwa maji kwa sababu ya kura zake, mwambieni aandike na kusaini. Kisha mfuateni diwani wenu: stendi ilipojadiliwa, alisema nini?

*Kuna kijana anapita Nkuhungu akidai shilingi elfu tano ahuishe kadi zetu.*

Tapeli. Kujiandikisha ni bure. Polisi wapo.

*Novemba 2024 nilikwenda kupiga kura ya mtaa na kadi yangu ya mpiga kura, nikaambiwa jina halipo. Huo si wizi? (Mama lishe, Chang'ombe, na wengine wengi)*

Mama yangu, hili limenichosha, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Kuna madaftari mawili. La kwanza ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, mali ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hilo ni la rais, mbunge na diwani, na ndilo lililokupa kadi. La pili ni orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa, ambayo iko chini ya TAMISEMI na huandikwa upya kila uchaguzi huo unapofika. Mwaka 2024 iliandikwa kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Unafika kituo cha mtaa wako, unataja jina na umri, unasaini, unaondoka mikono mitupu. Kwa kuwa hupewi kitu, watu hudhani hakuna kilichofanyika, wanabaki nyumbani wakiitegemea kadi. Siku ya kura, Novemba 27, mwenye kadi asiye kwenye orodha alirudi alivyokuja. Aliyekuwa kwenye orodha alipiga kura hata kwa kitambulisho kingine.

Malalamiko ya kweli yapo. Wagombea wa upinzani walioenguliwa kwa kasoro za fomu, 2019 na tena 2024, wana haki ya kukasirika. Lakini jina ambalo halikuandikwa halijaibwa, na viongozi wa vyama vyote waliomaliza mikutano bila kulisema hili wanastahili lawama.

Usiseme mtaa ni jambo dogo. Barua ya utambulisho ya kuombea mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri huanzia ofisi ya mtaa. Mpimaji akija, anayeulizwa kiwanja ni cha nani ni mwenyekiti wa mtaa. CDA, mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma, ilivunjwa Mei 2017, migogoro ya viwanja bado tunayo, na shahidi wako wa kwanza ni mtu uliyemchagua, au uliyeshindwa kumchagua.

*Naweza kupinga matokeo ya urais mahakamani?*

Hapana. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinavunja haki. Serikali haijakiondoa.

*Wageni waliokuja na serikali wametuzidi kura sisi Wagogo. Wazuiwe.*

Ibara ya 5 ya Katiba haiulizi kabila. Mkazi ni mkazi.

*Sisi Wasandawe ni wachache. Tukihamishwa kupisha bwawa la Farkwa, kura zetu zitakwenda wapi?*

Mzee wangu, swali lako ndilo zito kuliko yote ya leo. Kura haibaki na kijiji. Unahamisha taarifa zako kwenye Daftari la Kudumu, na kwenye orodha ya mtaa au kitongoji unaandikishwa upya unakoishi. Lakini sheria yetu haina kiti cha kabila dogo, na viti maalumu ni vya wanawake. Mahali pekee ambapo wachache huwa wengi ni kijijini kwao, na kijiji hufutwa kwa tangazo. Ngorongoro, Agosti 2024, tangazo la serikali lilifuta kata na vijiji vya Wamaasai. Walijaa barabarani, na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha mwezi huohuo. Kwa hiyo msikubali kutawanywa familia mojamoja: ombeni kuhamishwa pamoja, kwa maandishi, kijiji kipya kikisajiliwa kabla cha zamani hakijafutwa. Na tangazo likitoka, tafuteni wakili wiki hiyohiyo.