Kusoma Nyayo: Riwaya za Upelelezi za Tony Hillerman



Sisi tuliosoma Kiswahili sekondari huko nyumbani tunaijua ile kazi ya kuchambua riwaya. Fani upande huu, maudhui upande ule, na ndani ya fani kuna kijisehemu kinachoitwa mandhari. Hapo mwanafunzi huandika mstari mmoja, "mandhari ya riwaya hii ni ya kijijini na mjini", akapata alama yake moja na kukimbilia wahusika. Leo nataka kuzungumzia mfululizo wa riwaya ambao mstari huo mmoja hauutoshi hata kidogo. Ni riwaya za upelelezi za Tony Hillerman, Mmarekani, ambazo sehemu kubwa hutokea nje kabisa, kwenye majangwa, makorongo na milima yenye vilele bapa katika nchi ya Wanavajo. Hoja yangu ni kwamba humo ardhi ni shahidi wa kesi. Ukiitoa, kesi haiamuliki.

Kwanza tumjue mwandishi. Hillerman alizaliwa Oklahoma mwaka 1925. Alipigana vita vya pili vya dunia huko Ulaya, akajeruhiwa vibaya, na mwaka 1945 aliporudi kwao alibahatika kuona sherehe ya Wanavajo ya kuwatakasa vijana wao waliotoka vitani. Sherehe hiyo ilimkaa kichwani. Alifanya kazi ya uandishi wa habari, akafundisha kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha New Mexico, na mwaka 1970 akatoa riwaya yake ya kwanza, The Blessing Way, ambayo sherehe yenyewe imo. Wakala wake wa wakati huo alikuwa amemshauri ayaondoe yale mambo yote ya Wahindi! Bahati nzuri hakumsikiliza. Hadi mwaka 2006 alikuwa ameshatoa riwaya 18 za mfululizo huu, na alifariki mwaka 2008.

Sasa ardhi. Taifa la Navajo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 70,000, limekaa katika majimbo matatu, Arizona, New Mexico na Utah. Chukua Rwanda uiunganishe na Burundi, bado Navajo ni kubwa zaidi. Nyumba ziko mbalimbali, barabara nyingi ni za vumbi, na mvua ikinyesha hupiti. Wana serikali yao, makao yake Window Rock, na polisi wao wenyewe. Lakini hapa pana jambo la kisheria ambalo bila kulijua hutaelewa kwa nini hadithi zinakwenda zinavyokwenda: tangu sheria ya mwaka 1885, kesi kubwa kama mauaji katika maeneo ya makabila ziko mikononi mwa serikali kuu ya Marekani. Yaani mtu akiuawa, anayekuja kushika kesi ni kachero wa FBI kutoka mjini, na askari wa Kinavajo anatakiwa kumsaidia tu, kumwonyesha njia. Huyu ana mamlaka lakini haijui nchi, yule anaijua nchi lakini hana mamlaka. Karibu kila kitabu kinaendeshwa na mvutano huo, na wenzangu mliosoma historia ya ukoloni mtautambua haraka.

Wapelelezi ni wawili. Luteni Joe Leaphorn ni mtu mzima, mkavu kidogo, haamini sadfa. Ukutani kwake ana ramani kubwa ya nchi yote na huichoma pini za rangi, kila pini na tukio lake, kisha hukaa akiitazama mpaka aone mpangilio. Jim Chee ni kijana, amesoma chuo kikuu, na wakati huohuo anajifunza kuwa mwimbaji wa nyimbo za tiba za kwao. Anataka awe polisi na awe mganga kwa pamoja, na vitabu vyenyewe havimwambii kama inawezekana. Mwanzoni kila mmoja alikuwa na vitabu vyake. Chee alitokea mara ya kwanza katika People of Darkness mwaka 1980, na wote wawili walikutanishwa katika Skinwalkers mwaka 1986.

Tuje kwenye kusoma kwenyewe. Chukua The Dark Wind ya mwaka 1982. Chee amelala nje usiku akilinda pampu ya maji inayoendeshwa kwa upepo, kwa sababu kuna mtu anaiharibu kila mara. Kesi ndogo, ya kuchosha. Mara ndege ndogo inakuja gizani na kujibamiza kwenye mwamba ndani ya korongo kavu. Kuanzia hapo, shahidi mkubwa ni mchanga. Nani alikuja kwa gari, nani kwa miguu, nani alitangulia. Waliochunga ng'ombe utotoni hawahitaji kufundishwa: ukingo wa unyayo mpya ni mkali, jua na upepo huulegeza, mdudu akipita juu yake usiku anakuachia saa. Msomaji wa mjini huziruka kurasa hizi akitafuta maneno ya watu. Mimi nawashauri mfanye kinyume. Punguzeni mwendo hapo hapo, chukueni karatasi, mchore korongo, mwamba, pampu na njia. Katika riwaya nyingi za upelelezi dalili hufichwa ndani ya mazungumzo. Hillerman huzificha kwenye maelezo ya mahali, sehemu ileile tuliyozoea kuiruka.

Na hiyo pampu, kwa nini iharibiwe? Hapo nyuma kuna ugomvi wa kweli wa ardhi kati ya Wanavajo na majirani zao Wahopi. Sheria ya mwaka 1974 iliigawa ardhi waliyokuwa wakiitumia pamoja, na maelfu ya Wanavajo wakalazimika kuhama. Kwa hiyo hata chuma kinachovuta maji kina historia. Sisemi zaidi nisije nikawaharibia utamu.

Kuna aina nyingine ya kusoma mahali, nayo ni adabu. Mnavajo akienda kwa mwenzake hashuki akagonga mlango. Anasimamisha gari mbali kidogo na hogani, nyumba yao ya magogo na udongo yenye mlango unaotazama mashariki, kisha anangoja. Mwenyeji akitaka wageni atatokea. Mara ya kwanza kuyasoma hayo nilicheka peke yangu maktabani, maana hiyo ni hodi isiyo na sauti! Wakikutana, wanatajiana koo, ukoo wa mama kwanza na wa baba baadaye, ndipo neno la shughuli lifuate. Kachero wa FBI anayekata maneno ya mzee ili amalize haraka hapati kitu. Leaphorn ananyamaza, anangoja, anapata. Ukiona katika kitabu kimojawapo mtu anaingia nyumbani kwa watu bila kungoja, mtilie alama.

Sasa nifike pale panapouma. Uchawi.

Katika vitabu hivi uchawi upo kila kona: watu wanaosemekana huvaa ngozi za wanyama usiku, unga wa maiti, vipande vya mfupa vinavyorushwa mwilini mwa mtu. Katika Skinwalkers mtu anapiga risasi ndani ya gari-nyumba analolala Chee, ambaye anapona kwa sababu paka amemwamsha, na kati ya vitu vinavyookotwa kuna ushanga wa mfupa. Nilipokisoma kitabu hicho na wenzangu darasani, macho yote yalinigeukia mimi. Mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama sisi Waafrika tunaona jambo hili ni la kawaida. Wengi wenu mmeshaulizwa maswali ya namna hiyo, mnajua jinsi yanavyokaa kooni.

Nikamjibu kwa kitabu chenyewe. Leaphorn anauchukia uchawi, na hauchukii kwa sababu amesoma sana. Anauchukia kwa sababu tangu ujana wake kazini ameona watu wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, na anajua kwamba polisi akiyapuuza maneno hayo kwa kuwa eti ni upuuzi, maiti zinafuata. Kwake umbea wa uchawi ni taarifa ya kipolisi. Hamwulizi mtu kama mchawi yupo. Anauliza nani anasemwa, nani anasema, na nani anafaidika.

Mimi nimezaliwa Usukumani. Ninyi wa kule mnayajua mauaji ya vikongwe, Shinyanga na Mwanza, akina bibi waliokatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, miaka hamsini ya kuwapikia watu haohao. Jirani yetu mmoja alihama usiku na wajukuu wawili, na asubuhi kulikuwa na nyayo tu kuelekea barabarani. Mtoto wa miaka tisa nilikuwa nazitazama, ndogo, ndogo, kubwa. Nikiwa mtu mzima, huku ugenini, ndipo nikakutana na mpelelezi wa kubuni anayeona wazi kwamba kabla ya panga kulikuwa na maneno, na kwamba maneno nayo yanaacha alama. Basi swali la yule mwenzangu lilikuwa na jibu, ila halikuwa lile alilolitarajia. Aliyapokea vizuri, tukaendelea.

Wapenzi wa Bwana Msa watakuwa wameshaanza kunung'unika kwamba haya si mageni. Kweli kabisa. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, miaka kumi kabla ya Hillerman, na maiti yake inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu wanapaogopa. Kisima cha Giningi kikafuata mwaka 1968. Waandishi wote wawili walielewa kwamba mahali panapoogopwa ni maficho mazuri ya mhalifu. Tofauti ninayoiona ni kwamba Bwana Msa ni mtu wa kukaa, kuuliza na kufikiri, na ukimsoma vizuri ushahidi wake mwingi ni jamaa na nasaba za watu. Leaphorn hulazimika kuendesha gari saa tatu kwenye vumbi kwenda kumwuliza mchunga kondoo swali moja. Sijui kama tuna riwaya ya Kiswahili inayousoma mchanga kwa namna hiyo. Mwenye kuijua anitajie tafadhali.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni A Thief of Time cha mwaka 1988. Leaphorn amefiwa na mkewe Emma, anataka kuacha kazi, na mtaalamu mmoja wa mambo ya kale ametoweka. Wanaotajwa katika jina la kitabu ni wezi wa makaburi, wanaochimba usiku kutafuta vyungu vya watu wa kale na kuviuza kwa matajiri. Marekani ina sheria dhidi yao tangu mwaka 1906, na nyingine kali zaidi ya mwaka 1979, lakini vyungu vinatembea tu. Nilikisoma nikiwaza vigango vya Wamijikenda, ile miti iliyochongwa ya kuwakumbuka wazee waliokufa, iliyoibwa pwani ya Kenya na kuishia kwenye majumba ya makumbusho hukuhuku Marekani. Viwili vilirudishwa kwa wenyewe mwaka 2007. Hillerman anaonyesha kitu ambacho taarifa za magazeti hazikionyeshi: chungu kikishatolewa mahali pake hakisemi tena chochote. Pale udongoni kilikuwa ushahidi. Sebuleni kwa tajiri ni chombo kizuri tu.

Lipo suala la nani anamwandikia nani, na sitalikwepa. Hillerman hakuwa Mnavajo. Mwaka 1987 serikali ya Navajo ilimpa heshima ya kuwa rafiki maalumu wa watu wao, lakini wapo waliolalamika, na wana haki ya kulalamika, kwamba mgeni amepata jina na fedha kwa mambo ya ibada za wenyewe. Mimi, ambaye bara langu limeandikwa na kila aliyepita kwa siku kumi, nilianza kumsoma nikiwa na wasiwasi huo. Kilichonituliza ni kwamba watu wake hawako pale kupamba. Wana kazi, madeni, utani, magari mabovu, na wanabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mila. Hata hivyo wahusika wake wa kike katika vitabu vya mwanzo ni hafifu. Binti yake, Anne Hillerman, ambaye ameendeleza mfululizo tangu mwaka 2013, amemfanya askari Bernadette Manuelito kuwa mtu kamili.

Na siku hizi Wanavajo wanaandika upelelezi wao. Ramona Emerson alitoa Shutter mwaka 2022, habari za mpigapicha wa polisi anayeziona roho za waliouawa. Kisomeni baada ya Skinwalkers, si kabla, mwone roho zilezile Hillerman alizozitazama kwa mbali zikiingia chumbani na kudai haki yao. Tamthilia ya televisheni ya Dark Winds nayo ilianza mwaka 2022. Ni nzuri, ila itazameni baadaye, kwa sababu kamera inawachagulia pa kuangalia.

Kwa anayeanza: msianze na The Blessing Way, maana Leaphorn humo bado ni kama msaidizi. Anzeni na Dance Hall of the Dead ya mwaka 1973, iliyopata tuzo ya Edgar, ambayo Leaphorn anamtafuta kijana wa Kinavajo aliyekimbia baada ya rafiki yake Mzuni kupotea. Kisha The Dark Wind, Skinwalkers na A Thief of Time kwa mpangilio huo. Nakala za zamani ni rahisi kupatikana kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika. Tafuteni na ramani ya eneo hilo, muitandaze mezani mkisoma, na penseli iwe karibu. Mimi yangu sasa ina matobo ya pini kutoka Shiprock hadi Tuba City, na mwenzangu wa chumba anauliza kila siku itaondoka lini ukutani.