Okidi Ndara Chotara kati ya Voi na Wundanyi: Zipandwe Ndani ya Nini?

Okidi ndara ni mimea ya jenasi Paphiopedilum, ambayo petali ya chini ya ua lake imefumbata kama ncha ya ndara. Asili yake ni Asia. Porini barani Afrika haimo. Chotara ya kwanza, Harrisianum, ilichanua Uingereza mwaka 1869. Maudiae, iliyosajiliwa mwaka 1900, ndiyo inayomfaa zaidi anayeanza, kwani ina majani yenye madoa na huvumilia joto.

Porini, nyingi ya okidi hizi humea chini, kwenye majani makavu yaliyorundikana juu ya mawe. Hazina vifundo vya kuhifadhi maji kama okidi nyingine nyingi. Mizizi ikikauka kabisa, mmea hudhoofu. Ikikaa majini bila hewa, huoza. Kwa hiyo udongo mwekundu wa Voi, uzuri wake shambani usibishaniwe, haufai chunguni: ukimwagiwa maji mara kadhaa hushikana kama tofali.

Mji wa Voi uko karibu mita 600 juu ya bahari. Wundanyi, safari fupi ya matatu kupitia Mwatate, iko kama mita 1,400. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mchanganyiko. Huko chini, jua na upepo hukausha chungu haraka, na mmea wa aina ya Maudiae hustawi katika sehemu mbili za magome ya paini, mbili za makumbi ya nazi na moja ya makaa, vyote vikiwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Mlimani, penye ukungu wa asubuhi na usiku wa baridi, makumbi hayohayo hubaki yameloa siku nyingi. Huko yapunguzwe au yaachwe, magome yawe makubwa zaidi, na vijiwe vyepesi vya volkano viongezwe. Chotara zenye majani ya kijani tupu, zenye damu ya Paphiopedilum insigne, hupenda baridi hiyo ya usiku. Zikipandwa Voi, hutoa majani tu.

Makumbi yanataka subira kuliko vyote. Mengi hutoka pwani yakiwa na chumvi, hivyo huloweshwa siku tatu huku maji yakibadilishwa kila siku. Hata yakishasafishwa, huvuta kalisi kutoka kwenye mbolea, na majani machanga yanaweza kunyauka ncha. Chokaa ya dolomiti kidogo, au maganda ya chaza yaliyopondwa, hurekebisha hilo. Magome mabichi nayo yaachwe nje miezi kadhaa utomvu uishe. Makapi ya mkonge, ambayo Taita Taveta haiyakosi, yanavutia kwa kuwa karibu, lakini huchacha na kutoa joto. Afadhali yaende kwenye mboji.

Maji ya mvua ni bora, kwani maji ya visima vingi vya nyanda za chini yana chumvi inayounguza mizizi. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kivuli cha neti kinatosha: majani yakipauka na kuwa ya manjano, jua limezidi, yakiwa ya kijani kizito na kulegea, kimezidi kivuli. Maji yasituame katikati ya majani usiku, maana kiini huoza kabla mwenyewe hajagundua.

Chungu kibadilishwe kila mwaka au miwili, maua yanapokwisha, kabla magome hayajageuka tope. Mizizi iliyo laini na tupu ndani hukatwa. Iliyo ngumu, hata kama ni ya kahawia na yenye manyoya, huachwa, kwani hiyo ndiyo rangi yake. Chungu kipya kisizidi cha zamani kwa zaidi ya upana wa kidole. Shina lililokwisha kuchanua halichanui tena, lakini lisikatwe likiwa bado kijani: ndilo linalolisha chipukizi la pembeni, litakaloleta ua linalofuata.