Misri Chini ya Waturuki: Khabari za Kodi Iliyonadiwa

Wasomaji wetu wengi wamesikia khabari za Misri ya Mafirauni, lakini ni wachache waliopata kusoma jinsi nchi hiyo ilivyotawaliwa na Waturuki. Leo twapenda kueleza jambo moja tu la utawala huo, nalo ni kodi: ilivyotozwa, na nani aliyeitoza, maana raha na dhiki ya mkulima zilitoka humo.

Mwaka 1517 Sultani Selim wa Kwanza aliingia Cairo na jeshi lake, akaiangusha dola ya Mamluki. Hao asili yao ni watumwa walionunuliwa nchi za mbali na kufunzwa vita, hata wakawa watawala. Tangu hapo Misri ikawa jimbo, na liwali wake, aliyeitwa Pasha, alitumwa kutoka Istanbul. Kila mwaka ilipasa fedha zipelekwe katika hazina ya Sultani, na nafaka Makka na Madina.

Mwaka 1525 Waziri Mkuu Ibrahim Pasha aliweka sheria za jimbo. Kwanza kodi ilikusanywa na maofisa wenye mshahara. Lakini baadaye Serikali ilitaka fedha upesi, ikaanza kuuza haki ya kutoza kodi. Desturi hiyo iliitwa iltizam, na mnunuzi wake multazim. Kodi ya vijiji ilinadiwa. Mshindi akalipa fedha kwanza, kisha akawatoza wakulima. Alipeleka Serikalini kiasi kilichoandikwa, na kilichozidi kilikuwa chake.

Angalieni ubaya wake. Mtu aliyekodi ng'ombe kwa muda humkamua asimwachie ndama kitu. Multazim wengi walikaa mjini, na kijijini kazi ikafanywa na jumbe, aliyeitwa sheikh al-balad, pamoja na karani wa kuhesabu fedha. Hivyo jumbe alikuwa katikati: juu yake bwana adaiye, chini yake watu wake wasio na kitu. Wakulima wengine walihama usiku wakaacha mashamba yao. Tena katika karne ya 18 wakuu wa Mamluki walipata nguvu upya, wakapigana wao kwa wao. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Mwaka 1798 Napoleon aliingia Misri, na Wafaransa wakatoka mwaka 1801. Mwaka 1805 Muhammad Ali, askari wa dola ya Waturuki, akawa liwali. Mwaka 1811 aliwaua wakuu wa Mamluki katika ngome ya Cairo, na mwaka 1814 akaivunja iltizam.

Je, wakulima walipumzika? La. Serikali yenyewe sasa ilitoza kodi nzito, ikawashika watu kwa nguvu kuchimba mfereji wa Mahmudiya, uliokwisha mwaka 1820, na maelfu walikufa katika kazi hiyo. Enzi ya Sultani juu ya Misri haikukoma kabisa hata mwaka 1914.

Basi, mafunzo ni haya. Kubadili mtozaji si kuondoa dhuluma, ikiwa hapana wa kumwuliza hesabu. Kodi iliyo wazi, ambayo kila mtu ajua kiasi chake na kazi yake, hulipwa bila manung'uniko. Ile ambayo mtozaji peke yake ajua kiasi chake humfukuza mkulima shambani, na shamba lisilo na mkulima halitoi kodi.