SOMO LA FAMILIA: Wanyama Wasioweza Kurudi Porini

Someni kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Methali 12:10

Sisi wa Rhino Camp tunalitaja jina la makao yetu kila siku, na ndugu zetu wa Lobule kule Koboko hulitaja wakitutumia salamu. Rhino ni kifaru. Upande huu wa magharibi wa mto Nile waliishi vifaru weupe wa kaskazini, na pori la Ajai lilitengwa ili walindwe. Majangili waliwamaliza. Katikati ya miaka ya 1980 hapakuwa na hata mmoja. Baadaye wakaisha Garamba, huko Kongo, na Sudan Kusini pia.

Duniani kote wamebaki wawili, Najin na binti yake Fatu. Wanatunzwa Ol Pejeta, karibu na mji wa Nanyuki nchini Kenya. Waliletwa Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Jamhuri ya Cheki, pamoja na madume wawili, Suni na Sudan. Huyo Sudan alikamatwa akiwa mtoto mwaka 1975 huko Shambe, ambako leo ni Sudan Kusini. Alirudi Afrika, lakini Shambe hakurudi tena. Alitunzwa mpaka 19 Machi 2018. Alikuwa na miaka 45 na hawezi tena kusimama, ndipo madaktari wakamwondolea mateso. Najin na Fatu nao hawawezi kuachiwa. Walizaliwa kizuizini, pembe zao zinawindwa, na miguu ya nyuma ya Najin ni dhaifu. Walinzi wenye silaha hukaa nao usiku na mchana.

Hapo hapo Ol Pejeta yako makao ya sokwe, yaliyofunguliwa mwaka 1993 kuwapokea sokwe waliohamishwa Bujumbura kwa sababu ya vita vya Burundi. Ndiyo, wanyama nao walikimbia vita ile. Mmoja aliyeitwa Poco alikuwa amefungwa miaka mingi katika kizimba chembamba kilichoning'inizwa juu ili kuvutia wateja. Nafasi ilikuwa ya kusimama tu, basi hata alipookolewa aliendelea kutembea wima kama mtu.

Kwa nini wasiachiwe msituni? Kenya haina sokwe wa porini. Na hata penye sokwe, kundi lenye eneo lake huweza kumuua mgeni. Aliyelelewa na watu hajui chakula cha msituni, hamwogopi mwindaji, tena anaweza kupeleka magonjwa ya watu kwa wenzake. Kwa hiyo hulishwa, hutibiwa, na majike huzuiwa kuzaa ili nafasi isiwe ndogo. Sokwe huweza kuishi miaka 50. Anayempokea mtoto wa sokwe leo huenda akafa kabla yake, na mwingine atashika ndoo ile ya chakula.

Wengine kati yetu wanauliza: mgao wetu ulipunguzwa mwaka 2023, mbona mnyama alishwe miaka yote hiyo? Swali si baya, wala hatusemi mnyama ni sawa na mtu. Lakini chakula chao hakitoki katika mgao wetu. Hulipwa hasa na wageni na wafadhili wao. Na gharama yote hiyo ilianza siku mtu alipompiga risasi mama ili amuuze mtoto. Torati ilikataza hata kumchukua ndege pamoja na makinda yake.

Basi akipita mtu na mtoto wa nyani au kasuku wa kijivu, tusinunue, hata kwa huruma. Pesa zetu zitamrudisha msituni kutafuta mwingine. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Tumwambie mwenyekiti wa bloku, naye awaite watu wa UWA.

Maswali ya kujadili nyumbani: Ni mnyama gani wa kijijini kwetu ambaye wazee walimwona, nasi hatujamwona? Mtoto wako akileta kima mdogo amefungwa kamba, utamwambia nini, na utampeleka wapi?